Mama Fundi Jukwaani

Bwenini
Jumapili, tarehe 4

Dada yangu,

Kabla hujaendelea kusoma, keti. Na usiniambie umeketi wakati mguu uko kwenye pedali ya cherehani. Huko siko kuketi. Toa mguu, mwambie Kasuku akushikie mdogo wake Bonge, halafu soma.

NIMEPATA NAFASI! Unaukumbuka ule mchezo wa kuigiza na kuimba ambao mwalimu wa muziki anatuahidi tangu tuko kidato cha kwanza? Safari hii kweli. Bwalo la chakula linageuzwa ukumbi, meza zinatolewa nje, jukwaa linapigwa misumari mbele ya jikoni, na wapishi wamenuna mpaka chakula kinaungua kwa makusudi. Mchezo wenyewe ni habari ya mtaa mmoja ambao wakubwa wanataka kuubomoa wapitishe barabara. Kila mwenye kazi yake pale mtaani anatoka anaimba wimbo wake, hadi wale wabomoaji wenyewe wanaweka nyundo chini na kucheza. Tulijaribiwa sauti wasichana karibu bweni zima, na waliochukuliwa hatujazi hata mabenchi mawili. Na mimi nina wimbo wa peke yangu, Dada! Wenzangu wote wanaondoka, nabaki mimi na jukwaa zima langu.

Naigiza nani? Sikwambii. Utakuja kuona mwenyewe.

Ni Jumamosi tarehe 24, saa nane mchana. Kila anayeigiza amepewa benchi moja la familia. Njooni wote: wewe, Baba, Shemeji, Kasuku na Bonge. Nimewachagulia benchi la tatu, upande wa mlango, ili Bonge akianza kuimba na yeye umtoe nje haraka.

Simu ziko kabatini kwa matroni mpaka likizo, kwa hiyo nijibu kwa barua. Mpe Shemeji, ampe dereva wa basi la shule siku akija kunyolewa.

Mdogo wako anayekupenda


Nyumbani
Jumatano, tarehe 7

Kijiti wangu,

Nilikaa. Mguu nilitoa. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti, mara ya tatu Kasuku akanisomea yeye, na kusoma hajui, ameikariri tu. Sasa mtaa mzima wana habari kwamba mama mdogo "ana jukwaa zima lake". Mwenye duka ameniuliza tumelinunua lini.

Tunakuja. Hata kama jua litashuka chini kukaa na sisi kwenye basi, tunakuja. Nimetoa kile kitambaa cha bluu chenye maua meupe nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya mapazia, nawashonea wote sare ya familia, wakituona waseme hawa ni wa yule anayeimba. Kasuku gauni, Bonge kaptula, Baba shati. Shemeji yako anasema kinyozi akivaa maua wateja watamkimbia. Nikamwambia wako tayari kukimbia siku nyingi, ila mtu aliyenyolewa upande mmoja hawezi kufika mbali. Amenuna kidogo, kisha akaja mwenyewe kupimwa.

Baba unamjua. Nimemweleza habari yote, na yeye anachungulia ndani ya saa ya watu na kile kioo chake cha jicho, hata hageuki. Nikadhani hajasikia. Nimeshasahau, nakoroga uji, nasikia nyuma yangu: "Unaanza saa ngapi?" Basi huyo anakuja.

Sasa nieleze mambo, maana mimi sijawahi kuona mchezo wa kuimba. Shuleni kwetu tuliimba mstarini asubuhi, basi. Labda la saba walikuwa na michezo, mimi niliishia la sita Mama alipofariki, na wewe ulikuwa bado unanyonya kidole. Je, mtu anapiga makofi wimbo ukiisha, au anangoja mchezo wote uishe? Ukitokea wewe naruhusiwa kupunga mkono? Niambie kila kitu. Sitaki kukuaibisha kama ile siku ya kutembelewa, nilipopiga vigelegele kumbe mkuu wa shule hajamaliza kusema.

Nafurahi mpaka nimeshona mkono wa shati la Baba kwenye shingo. Nimefumua.

Dada yako


Bwenini
Jumanne, tarehe 13

Dada,

Asante kwa barua. Nimefikiria, naona afadhali msije. Si jambo kubwa kama nilivyoliandika. Sehemu yangu ni ndogo, nilitia chumvi. Ukumbi utakuwa na joto, mabenchi hayana mahali pa kuegemea, na Baba mgongo wake unamsumbua. Bonge naye atachoka na safari. Nitawaimbia nyumbani wakati wa likizo, itakuwa hivyo hivyo tu.

Usijisumbue na nguo.

Wasalimie wote.

Mdogo wako


Nyumbani
Alhamisi, tarehe 15

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Ni fupi, hata Kasuku ameimaliza upesi. Ameniuliza kwa nini mama mdogo safari hii hajacheka. Nikamwambia ana mitihani.

Mimi si mtu wa kuelewa mambo haraka, lakini wewe nimekulea, na najua sauti yako hata ikiwa kwenye karatasi. Nilikaa nikawaza nimekosea wapi, na nadhani nimepajua. Ile siku ya kutembelewa sikuwa na vigelegele tu. Nilikuja na nyuzi zimeninasa kwenye sketi, nyuma kama mkia, na nikakuita Kijiti mbele ya rafiki zako. Nikamuuliza mwalimu wako wa hesabu kola yake ameishona nani, maana imepinda. Niliona unavyoangalia chini. Wakati ule nilidhani jua linakuchoma machoni.

Usione vibaya. Msichana wa kidato cha tatu ana heshima yake na wenzake, na mtu ana haki ya kuwa na siku yake moja safi. Basi nimepata njia. Baba na shemeji yako waje wao wawili. Baba haongei, shemeji yako nitamfundisha asiongee. Mimi nitabaki na watoto, tena nina kazi nyingi. Wao watanisimulia. Nataka tu uwe na watu wako kwenye hilo benchi. Usiimbe ukaangalia benchi tupu, hilo siliwezi.

Na jina lile sitakuita tena mbele ya watu. Nyumbani nitajitahidi.

Nguo nilikuwa nimeshamaliza. Si kitu, watoto watavaa siku nyingine.

Dada yako


Kinyozini
Ijumaa, tarehe 16

Shemeji,

Mimi barua si fani yangu, naandika huku kichwa cha mtu kina povu. Dereva anangoja, ndiye mwenye povu.

Sikugombezi. Nataka kuuliza tu. Dada yako anasema hana neno, ana kazi nyingi, tena safari ndefu zinamchosha. Amelisema hilo mara nyingi mno, na mimi sijamuuliza. Ile bluu ya maua ameikunja, ameiweka chini kabisa ya kapu, chini ya viraka. Na unajua anavyoimba akishona. Mimi huku dukani, ukuta katikati, huwa namsikia, nanyoa kwa kufuata wimbo wake. Tangu juzi Jumatano cherehani inalia peke yake. Jana nimemkata mtu sikio kidogo kwa sababu ya ukimya.

Yeye anaamini unamwonea haya. Mimi siamini, maana nimekuona ukila kwenye sahani yake mpaka unakua mrefu kumpita. Lakini kinyozi anajua vya nje ya kichwa tu. Vya ndani niambie wewe.

Shemeji yako


Bwenini
Jumapili, tarehe 18

Shemeji,

Nimelia na kucheka pamoja, hasa hilo la sikio. Mpe pole mwenye sikio.

Kumwonea haya Dada? Shemeji, sikiliza nikwambie kilichotokea, na uniahidi humwambii.

Mwalimu wa muziki alipotugawia sehemu alisema: "Msiniletee watu wa hewani. Kila mmoja aende kichwani kwake amtafute mtu anayemjua kweli, alete mwendo wake, mikono yake, mdomo wake." Mimi nimepewa kuigiza fundi cherehani wa mtaa, anaitwa Mama Fundi. Sikufikiri hata mara mbili. Nikamleta Dada. Nimemleta mzima mzima, Shemeji. Anavyotembea na futi shingoni kama daktari. Anavyogomba na pini tano mdomoni na isianguke hata moja. Anavyoifokea cherehani: "Wewe! Jana nimekupa mafuta, leo unanidai nini?" Na mteja akinenepa, nguo ikikataa kuingia, anavyomwangalia kwa huruma na kumwambia, "Si wewe, mama, ni kitambaa kimerudi."

Mazoezi ya kwanza watu walicheka mpaka mpiga kinanda akashindwa. Nikafurahi sana, ndipo nikawaandikia mje. Siku chache baadaye nakwenda bombani, nakuta wasichana wa kidato cha pili kwenye foleni ya maji. Wametia njiti midomoni, wametundika mikanda shingoni, wanakwenda kama yeye, wanasema kama yeye, na ndoo zinamwagika kwa kicheko. Waliponiona wakanipigia makofi. Walikuwa wananisifu! Lakini mimi niliona wanamcheka Dada yangu, na aliyewapa wamcheke ni mimi. Niliona kama nimemtoa nje bila nguo.

Nilimwomba mwalimu anibadilishie. Amekataa, amesema muda umekwisha na kwamba sielewi ninachokifanya vizuri. Na si kicheko tu. Kuna kipande cha mwisho, ule wimbo wa peke yangu. Kimetoka kwenye jambo nililomwona Dada akilifanya siku moja, na yeye hajui kwamba nilimwona. Kicheko labda atanisamehe. Hicho sijui.

Sasa unadhani nitamkalisha benchi la tatu asikie bwalo zima likimcheka, na yeye amevaa nguo mpya alizonishonea mimi? Afadhali anione mwenye maringo kuliko aone hivyo.

Usimwambie.

Shemeji yako


Kinyozini
Jumatano, tarehe 21

Shemeji,

Sijamwambia.

Nikueleze jambo la kazini kwangu. Nikimaliza kumnyoa mtu, nachukua kioo kidogo namwekea nyuma aone kisogo chake. Hakuna mtu anayekijua kisogo chake. Wengine wanashtuka, wengine wanakataa kabisa, wanasema hiki si changu, umenibadilishia. Wengine wanakipapasa kimya, wanashangaa kwamba kumbe kiko hivyo. Lakini tangu nianze kunyoa hajatokea hata mmoja wa kuniambia, kinyozi, ondoa kioo.

Kwa hiyo tunakuja. Wote. Nimemwambia dada yako kwamba umeniandikia, umebadili mawazo, unamtaka yeye kwanza kuliko sisi. Nimedanganya, na huo uongo ukiulizwa mbele ya Mungu tutausimamia wote wawili. Akaenda kwenye kapu. Sasa hivi anapiga pasi. Na anaimba, Shemeji. Dereva huyu amenyolewa vizuri leo, mwangalie.

Wewe imba tu. Mengine niachie.

Shemeji yako wa maua ya bluu


Bwenini
Jumapili, tarehe 25

Dada,

Sikuja kuwaaga jana. Nilikuwa nyuma ya pazia na rangi usoni, namsikia Kasuku ananiita nje, "Mama mdogo! Mama mdogo! Basi linaondoka!" Nikajifunika pazia mpaka lilipoondoka.

Nianzie wapi? Nilipotokea na futi shingoni nilikuona upesi, benchi zima la bluu kama kipande cha mbingu kimeanguka katikati ya watu. Nikasema mambo yangu, watu wakacheka, na juu ya kicheko cha wote nikasikia chako. Nakijua, kinaanza chini kinapanda ngazi. Ulikuwa unacheka kuliko watu wote, Dada! Nikapata nguvu. Nikasema, amependa, nilikuwa naogopa bure.

Kisha wenzangu wakatoka, nikabaki peke yangu na sare ya shule mkononi. Nikaimba mpaka pale pa kuitika. Nilipoinua macho, Baba yupo, Shemeji yupo, Kasuku kasimama juu ya benchi, na mahali pako pako tupu. Mlango ulikuwa bado unacheza.

Wanasema makofi yalikuwa mengi mpaka sufuria jikoni zikalia. Mimi sikuyasikia.

Dada, nisamehe. Ni ile siku uliyomaliza kushona sare yangu ya kidato cha kwanza. Ulifunga mlango wa chumba cha kushonea. Mimi nilikuwa narudi na ndoo, na pazia la dirisha halikufika chini. Sikukusudia kuchungulia. Nilipoona nikarudi nyuma taratibu, nikaenda kukaa na ndoo yangu nyuma ya nyumba mpaka uliponiita. Sijawahi kumwambia mtu. Halafu mwalimu akasema tulete mtu tunayemjua, na hicho ndicho kitu ninachokijua kuliko vyote. Nilidhani nakiimba kwa heshima. Sasa naona nimechukua kitu kilichokuwa chako peke yako, nimekipeleka kwenye bwalo la watu.

Mchezo unarudiwa Jumamosi hii kwa ajili ya watu wa mjini. Nimemwomba mwalimu akiondoe hicho kipande. Amesema bila hicho Mama Fundi ni kichekesho tu, lakini kama nina sababu nimletee kufikia Ijumaa. Sababu ninayo. Nangoja tu neno lako. Ukisema kiondoke, kitaondoka, hata nisipoimba kabisa.

Kijiti


Nyumbani
Jumatano, tarehe 28

Kijiti wangu,

Kwanza, kama ulidhani Bonge ndiye aliyenitoa nje, hakulia. Nilimnong'oneza shemeji yako kwamba mtoto anataka kukojoa, nikatoka, na mtoto mwenyewe alikuwa amelala fofofo begani kwangu. Huo ni uongo wangu. Wa shemeji yako ameshauungama njiani, sitaki kuurudia, nimemwadhibu kwa kumwambia avae hilo shati la maua kazini wiki nzima. Analivaa. Wateja wameongezeka.

Sasa nikueleze nilivyokaa kwenye lile benchi, maana nakuona huko umeshika tama.

Mdogo wangu, mimi sikujijua. Naapa. Ulipotoka na lile futi, nikamgusa shemeji yako ubavuni, nikamwambia, "Mwangalie huyu! Si jirani yetu muuza vitunguu huyu, mwenyewe kabisa?" Shemeji yako akaangalia dari. Ulipoanza kuifokea cherehani nikacheka mpaka machozi. Nikasema masikini, huyu mwanamke ana wazimu gani, anagombana na chuma! Kasuku akanivuta mkono. "Mama, huyo ni wewe." Nikamwambia nyamaza, mimi siongei hivyo. Akasema, "Unaongea hivyo sasa hivi." Nikamtazama Baba anisaidie. Baba mabega yalikuwa yanamtikisika. Baba! Sijamwona akicheka hivyo tangu meno yake yote yalipokuwepo.

Halafu ukasema, "Ni kitambaa kimerudi." Hilo nilikuwa nimemwambia mke wa mwokaji mikate siku moja kabla.

Nisikudanganye, iliniuma. Kidogo. Niliona uso umepata moto, nikataka kuingia chini ya benchi. Lakini nikageuka nikawaangalia wanaocheka. Mama mmoja nyuma yangu anamwambia mwenzake, "Ningempata fundi kama huyu mimi!" Nikaona kumbe si kicheko cha kumtupa mtu. Walikuwa wanacheka kama mtu anayetaka kusogeza kiti karibu. Nikakaa vizuri. Hata nikanyoosha gauni.

Ndipo ukabaki peke yako.

Ile siku, mimi nilijiambia nataka tu kuangalia mabega yamekaaje. Fundi lazima aangalie mabega. Nikafunga mlango, nikaiweka sare yako kifuani, nikasimama mbele ya kioo. Mabega yalikaa. Lakini sikuishusha. Sijui nini kiliniingia, nina mtoto wa miaka mitatu amelala kwenye kapu la nguo, nikasimama wima kama wanavyosimama mstarini, nikaita jina langu kwa sauti ya mwalimu. Na nikaitika. Nipo. Kisha nikaona haya mbele ya kioo kama vile kuna watu ndani yake, nikaikunja, nikakuita uje ujaribu.

Miaka yote nimelificha hilo. Hata shemeji yako hajui, na yeye najua hata ndoto zake. Si kwa sababu ni dhambi. Nilidhani ni upuuzi, mwanamke mzima, mama wa mtoto, anacheza shule na nguo ya mdogo wake. Nilidhani mtu akiniona atanicheka.

Na wewe uliniona. Ukaenda kukaa na ndoo.

Pale jukwaani jina langu hukulitaja. Uliita, "Mama Fundi!" ukaitika, "Nipo!" na bwalo zima lililokuwa linacheka halikucheka. Hata wale wapishi walikuwa wamesimama mlangoni na miko mikononi. Mimi nilisikia kitu kinapanda, nikajua kikifika juu nitalia kwa sauti nikuharibie wimbo. Ndiyo maana nilitoka. Nisingetoka, wangedhani benchi la tatu lina msiba.

Nilisimama bombani. Nikamwosha Bonge uso, na hauna kitu, basi tu mikono ipate kazi. Akaja msichana mdogo na ndoo, akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikasema ni joto. Akasema, "Umemwona Mama Fundi? Sisi tunamwigiza kila siku hapa. Mimi natamani angekuwa matroni wetu." Nikamwambia, "Anafoka sana yule." Akasema, "Ndiyo, lakini anafoka na mtu anajua amependwa." Sikumwambia mimi ni nani. Nilimtwisha ndoo yake tu, akaenda.

Kwa hiyo usiseme umenitoa nje bila nguo. Ndiyo, shemeji yako amenipa barua ile nisome, usimgombeze.

Kwenye basi tukirudi, Baba alikaa na mimi. Tumefika karibu na nyumbani akauliza, "Sasa hivi ungekuwa darasa la ngapi?" Nikacheka, nikamwambia, "Baba, mimi nina watoto wawili. Ningekuwa nimeshamaliza zamani." Akasema, "Hata hivyo." Akanishika mkono, hakuuachia mpaka tumeshuka. Watu wakadhani nimemsaidia mzee, kumbe ni yeye aliyenisaidia.

Sasa sikiliza, na umpelekee mwalimu wako neno langu kabla ya Ijumaa. Kile kipande hakiondoki. Nakukataza. Vingine punguza ukitaka, hata pini mbili zinatosha, utakuja kumeza. Hicho kibaki, tena kiimbe taratibu zaidi, mwishoni unakimbia kama unaogopa kukamatwa. Umeshakamatwa. Tulia.

Ila kuna kosa moja, na hilo kama fundi siwezi kulinyamazia. Ile sare unayoishika jukwaani ni yako ya zamani, ya mtoto wa kidato cha kwanza. Ni ndogo. Mtu akiiona anajua kabisa huyu mwanamke haiwezi kumwingia, kwa hiyo anamwonea huruma. Sitaki nionewe huruma na watu wa mjini.

Pale mlangoni walitangaza kwamba mchezo unarudiwa, basi Jumapili jioni nikatoa kitambaa cha sare. Nilikosa mtu wa kunipima, maana miaka yote nawapima wengine. Shemeji yako akashika futi kama mtu aliyeshika nyoka, ananizunguka, anauliza, "Hapa ndipo kiuno kinaanzia au kinaishia?" Nimempiga na mkasi wa plastiki wa Kasuku. Lakini tulipima. Nimekata Jumatatu, nimeshona, na leo asubuhi nimepiga pasi. Mikunjo ya sketi imelala sawasawa, kola imesimama. Dereva anakuletea pamoja na barua hii, iko kwenye mfuko, usiikalie.

Usiishike kifuani tena. Ivae. Ukibaki peke yako, ivae hapo hapo juu ya gauni la Mama Fundi, mbele ya watu wote, funga vifungo vyote taratibu, ndipo uite.

Jumamosi tunakuja tena, sote. Safari hii Bonge akilia atatoka na baba yake. Na mchezo ukiisha usiiache kabatini kwa mwalimu. Irudi nyumbani. Sijui nitaivaa wapi, sijafika huko, lakini irudi.

Itakupwaya kiunoni, maana wewe ni kijiti kweli na mimi nimezaa mara mbili. Wenzako watakwambia uitie pini. Usiipunguze. Ni kipimo changu.

Dada yako